Nani alikula garanti?

Mwezi wa pili nilikaa kwenye benchi la ofisi ya makazi ya komini moja hapa Lubumbashi, mfuko wa mama mdogo wangu mapajani, nikasikia sentensi mbili ambazo sijawahi kupewa mfano mzuri kama huo katika somo lolote la isimu.

Mwenye lupango alisema: “Garanti balishakula.”

Mama mdogo akajibu: “Tulikula mwezi moya tu, baba. Miezi mbili iko kwako.”

Karani akaandika kwa Kifaransa kwamba mpangaji anakiri kuwa ametumia garanti. Nukta. Miezi miwili ikapotea kalamuni, na pamoja nayo dola 100.

Mama mdogo anauza samaki wakavu wa kutoka kwetu Kilwa. Ninasema Kilwa ya ziwa Moero, katika teritware ya Pweto, si ile ya pwani ya Tanzania yenye magofu. Dola 100 kwake ni safari moja nzima: nauli, samaki wenyewe, na nafasi ya mizigo juu ya lori. Rafiki zangu waliona ni jambo dogo la kukosea masomo. Ninaieleza hapa njia tuliyoipita kwa sababu wengi wetu wanafunzi tunapanga vyumba, tumetoa garanti, na siku moja tutaidai. Pia kwa sababu, kadiri nilivyozidi kuingia katika kesi hii, niliona kwamba sheria yenyewe haikuwa na utata mkubwa. Utata ulikuwa katika kitenzi.

Sheria inayohusika ni ile namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya mikataba ya kupanga isiyo ya kikazi. Kwa nyumba ya kukaa, inaweka mpaka: garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Kinshasa wapangaji wamezoea kudaiwa zaidi ya hapo, na hapa kwetu pia kuna wanaojaribu. Mwenye lupango wetu hakuvuka mpaka. Kodi ilikuwa dola 50, akachukua 150, akatupa nusu ya ukurasa wa daftari yenye tarehe, sahihi yake, na maneno mawili: “garanti 150”. Tukaingia. Tulikaa miaka miwili.

Lakini garanti ni kitu gani? Usicheke. Nilimuuliza mama mdogo, nikamuuliza komisionere aliyetutafutia nyumba, nikawauliza wenzangu wanne wa darasa, na kila mmoja alinipa kitu kingine. Kiswahili cha vitabuni kina maneno ya kutosha kwa mambo haya. Kuna amana: kitu unachomwachia mtu akutunzie, akurudishie chenyewe. Kuna arubuni: fedha ya mbele inayoingia katika bei, nayo hairudi ukivunja mapatano. Kuna rehani: kitu kinachoshikwa mpaka deni lilipwe. Na kuna dhamana, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na neno la sheria. Neno letu la Lubumbashi tumelitoa katika Kifaransa, na limekaa katikati ya hayo yote bila kuchagua. Mama mdogo alipotoa 150 zake moyoni alikuwa akiweka amana. Mwenye lupango alipozipokea alikuwa akipokea arubuni. Hakuna aliyemdanganya mwenzake; walitumia neno moja tu.

Nisimfanye mwenye lupango kuwa mtu mbaya. Ni mzee, mstaafu wa migodi. Kizazi cha wazazi wake hakikujua garanti. Kampuni, Union Minière na baadaye Gécamines kuanzia 1967, ilikuwa ikimpa mfanyakazi nyumba kambini pamoja na kazi, na kazi ikiisha nyumba inaisha. Kisha migodi ikaanguka, na katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha Gécamines. Kwa familia nyingi za mji huu vyumba vya kupangisha ndivyo vilivyobaki kuwa mshahara. Mtu anayeishi hivyo akipokea dola 150 kwa mara moja, hazikai sandukuni zikikusubiri miaka miwili. Zinalipa shule. Zinalipa mabati. Zinaliwa.

Na hapo ndipo tunakifikia kitenzi.

Kiswahili chote kinapenda kula vitu visivyo chakula: watu hula hasara, hula kiapo, hula njama, hula rushwa. Lubumbashi tumeongeza kukula garanti, na tunalitumia kwa mambo mawili yanayopingana. Mpangaji akikaribia kuhama huacha kulipa kodi, akaendelea kukaa mpaka garanti yake imalizike: huyo anakula garanti, naye hana kosa ikiwa wamepatana na mwenye nyumba. Upande wa pili, mwenye lupango akiitumia ile fedha na kushindwa kuirudisha, majirani watasema naye amekula garanti. Kitenzi ni kile kile na kinachokuliwa ni kile kile. Kinachotenganisha haki na deni ni kiambishi kidogo cha mtenda mwanzoni: tulikula, alikula.

Sasa rudi kwenye sentensi ya mzee: “Garanti balishakula.” Katika Kiswahili chetu kauli ya kutendwa husikika mara chache. Mtu haambiwi “alizaliwa Kilwa”. Tunasema “balimuzala Kilwa”, na hakuna anayeuliza ni watu gani hao ba- waliomzaa. Ba- hii haina sura. Ndiyo kusema mzee alitamka sentensi yenye mtenda asiyeonekana, na juu yake akaweka -isha-, inayofunga mlango: kitu kimekwisha, hakuna mabaki. Wala hakusema uongo. Garanti ililiwa kweli. Ila hakusema imeliwa na nani.

Mama mdogo yeye alitaja mtenda, akataja na kipimo: sisi, mwezi mmoja. Mwezi wetu wa mwisho hatukulipa, kwa mapatano ya mdomo, ukakatwa kwenye garanti. Zikabaki 100. Karani alichukua kitenzi kutoka kwa mmoja na mtenda kutoka kwa mwingine, akavitia ndani ya Kifaransa: “reconnaît avoir consommé la garantie”. Ile la ndogo ndiyo iliyotumaliza. Kwa Kifaransa, ukisema umetumia la garantie bila kutaja sehemu, umeitumia nzima. Kipimo cha mama mdogo hakikupata mahali pa kukaa.

Karani alimsomea, akamuuliza: “Ni vile, mama?” Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Si kwamba alikubali. Alikuwa akimheshimu mtu mwenye kalamu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika biki.

Nilisema: “Shefu, samahani, tuongeze hapo: kwa mwezi mmoja.” Akaniambia ni kitu kimoja. Mzee akanung'unika kuhusu watoto wa siku hizi waliosoma. Nilibaki pale na adabu zangu zote, nikirudia “samahani, shefu”, mpaka akaandika juu ya mstari “à concurrence d'un mois”, na wote wawili wakatia sahihi pembeni ya nyongeza hiyo. Mtu mwenye haraka hawezi kuiona. Hata hivyo, kesi yote ilikuja kusimama juu yake.

Niseme wazi kwa nini tulianzia pale wala hatukukimbilia kortini. Sheria ile ya 2015 inataka ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba upite kwanza kwenye upatanisho katika ofisi ya makazi, ile tunayoiita “ku Habitat”. Mkipatana, karatasi inaandikwa na mambo yanaishia hapo. Msipopatana, karatasi inaandikwa vilevile ya kusema kwamba hamkupatana, na hiyo ndiyo unayoibeba mbele. Usitoke bila nakala yako. Na usitie sahihi kabla hujaelezwa, kwa lugha unayoiota usiku, kila kitu kilichoandikwa kwamba umekisema. Mzee alikataa kurudisha chochote. Akaongeza kwamba kuta zinahitaji rangi na kufuli moja limevunjika. Tukapewa karatasi ya kutopatana.

Mlango unaofuata ni tribunal de paix, tribinali ya amani. Kwa madai ya fedha, sheria ya 11 Aprili 2013 juu ya korti imeipa kesi zisizozidi thamani ya faranga 2,500,000. Dola zetu 100 hazikufika hata faranga 300,000, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi wa kukosea nyumba ya hukumu. Avoka si lazima: kanuni ya mwenendo wa kesi za madai, ambayo ni dekreti ya 7 Machi 1960, inaruhusu mtu kujitokeza mwenyewe. Kwa dai la dola 100 ningemlipa avoka nini?

Kuna jambo katika kanuni hiyo ambalo kila mwanafunzi wa lugha angepaswa kulijua. Anayeshtaki halazimiki kuandika wito yeye mwenyewe. Anampelekea grefye mambo yote yanayohitajika, na grefye ndiye anayeandika. Kwa mtu asiyejua Kifaransa hii ni rehema kubwa. Ni hatari pia, ile ile ya ku Habitat: hadithi yako inaingia kwa Kiswahili upande mmoja wa meza, inatokea kwa Kifaransa upande wa pili.

Basi nilifanya kama tunavyofundishwa kufanya uwandani. Jioni moja, mama mdogo akichambua maharagwe, nilimrekodi kwa simu akieleza jambo lote tangu siku ya kuingia. Nikaandika kila neno. Kisha nikatafsiri, nikamrudishia tafsiri kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine. Alinisahihisha mara nyingi kuliko profesa yeyote. Mahali pamoja nilikuwa nimeandika kwamba mwenye lupango alitufukuza. Yeye alikuwa amesema “alitutosha”. Akaniangalia kama mtu aliyenunua samaki waliooza. “Hakutufukuza. Aliomba nyumba yake, tukatoka kwa amani. Usimuongezee muzee wa watu.” Ilikuwa haki yake, na zaidi ya haki: ningeandika kufukuzwa, mzee angekana, naye angekuwa anasema kweli, na ukweli wake huo mdogo ungetia doa dai letu zima.

Kilichofika kwa grefye kilikuwa ukurasa mmoja. Majina, tarehe ya kuingia na ya kutoka, ile nusu ya ukurasa wa daftari, karatasi ya kutopatana, na dai lenyewe kwa tarakimu: 150 kutoa 50, sawa na 100. Neno kula sikulitia popote. Grefye alisoma, akasema tuweke kwanza fedha ya gharama. Yaani ili kudai garanti, mama mdogo alilazimika kuacha fedha nyingine mahali pengine kama kuweka garanti. Alicheka peke yake mpaka nje.

Kati ya kupewa wito na kufika kortini mshtakiwa hupewa siku 8 kamili, na huongezewa siku moja kwa kila kilomita 100 za umbali. Ninapenda kifungu hicho. Aliyekiandika alikuwa amewahi kusafiri. Mzee alikaa mtaa wa tatu, kwa hiyo hakuongezewa kitu.

Wakati tukisubiri niliwahi kufikiri kwamba tatizo letu ni Kifaransa tu. Katiba ya 2006 inakifanya kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa. Mama mdogo hajawahi kuishika mkononi sheria ya kupanga nyumba kwa Kiswahili, wala mimi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kiitwacho Language and Colonial Power, alifuata jinsi Kiswahili kilivyofanywa huku Katanga kuwa lugha ya kazi kati ya 1880 na 1938. Mafaili yalibaki na Kifaransa, na ku Habitat bado yako huko. Nikawaza Tanzania, ambako tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Nikawaza Nairobi, ambako mwaka huo huo wa 2021 Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, yenye mpaka wa shilingi milioni 1 na siku 60 za kumaliza kesi.

Lakini hebu tujaribu. Tuseme karani wetu angeandika kwa Kiswahili safi: “Mpangaji anakiri kula garanti.” Tungekuwa wapi? Pale pale. Kipimo kingekuwa kimepotea vilevile, na kitenzi kingebaki na nyuso zake mbili. Kifaransa kilifunga mlango ambao kula ilikuwa imekwisha kuuacha wazi. Ninaamini bado kwamba mtu anastahili kuandikiwa kwa lugha yake, kwa sababu mama mdogo angeisoma sentensi hiyo mwenyewe na kuikataa kwa sauti. Ila lugha yake peke yake isingemrudishia dola zake.

Siku ya kesi tulikaa tangu asubuhi. Mambo ya watu wengine yalipita mbele yetu, mirathi hasa. Tulipoitwa, jaji alisoma wito kwa Kifaransa, akasoma ile karatasi ya kutopatana, na nilimwona akirudisha macho kwenye nyongeza ya juu ya mstari. Akaweka karatasi mezani. Akaacha Kifaransa.

“Mama, garanti mulikula miezi ngapi?”

“Moya.”

“Na weye baba, ulikula miezi ngapi?”

Watu wa nyuma wakacheka. Mzee hakucheka. Alitazama kofia yake aliyoishika mikononi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: “Mbili.”

Hakuuliza kama walikula. Hakuuliza ni nani aliyekula. Aliuliza ngapi. Kiulizi hicho kimoja kiliwafanya wote wawili watenda wa kitenzi kile kile, pasipo aibu, na kikakirudisha kile kipimo kilichokuwa kimeanguka. Nimekifikiria tangu siku hiyo zaidi ya ninavyofikiria mada ya memuari yangu, na msimamizi wangu amekwisha kuliona hilo.

Zikabaki rangi na kufuli. Jaji akaomba karatasi ya hali ya nyumba siku ya kuingia na siku ya kutoka. Hatukuwa nayo, mzee hakuwa nayo, wala komisionere hakuwahi kututajia kwamba kuna karatasi kama hiyo. Bila hiyo, nani atasema kufuli lilikuwa zima? Hapa na sisi tulikuwa na bahati tu, maana ukosefu huo ungeweza kutuangukia sisi. Nyinyi mnaoingia vyumba vipya mwezi wa kumi, ingieni na mtu mmoja na simu moja: pigeni picha kuta, madirisha, kufuli, choo, mita ya umeme, andikeni mstari mmoja kwa kila chumba, mwenye lupango atie sahihi. Atawaona wasumbufu kwa siku moja.

Mzee aliomba kupatana. Hakuwa na 100. Alikuwa na 60, amezifunga katika kitambaa, jambo linalonifanya nidhani alijua tangu nyumbani atajibu nini. Zile 40 angezitoa mwisho wa mwezi wa tano. Jaji alimuuliza mama mdogo kama anakubali, naye akakubali kabla sijainama kumnong'oneza chochote. Yakaandikwa. Safari hii grefye alisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, tarakimu kwa tarakimu.

Arobaini zilikuja kwa wakati. Mzee alizileta mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akauliza bei ya samaki. Mama mdogo ndiye aliyeuliza zimetoka wapi, kwa kuwa yeye huuliza. Amepata mpangaji mpya kwa vyumba vyetu, akasema, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ametoa miezi mitatu.

Nilipitia kule juma lililofuata. Kijana alinionyesha karatasi yake: nusu ya ukurasa wa daftari, tarehe, sahihi, “garanti 150”. Nilimwomba biki. Tukamwita mzee, tukaongeza mistari miwili chini: fedha hii itarudishwa siku ya kutoka, na ikikatwa mwezi wowote, mwezi huo utaandikwa hapa nyuma. Mzee alitia sahihi, akaniambia nina kichwa kigumu, akatuonyesha kufuli jipya.